Mgonjwa wa saratani amechanganyikiwa ghafla: maswali ya ndugu

Mama anatibiwa saratani ya matiti Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Tangu juzi anaongea peke yake na hajui sisi ni nani. Ni majini?
Hapana. Mleteni hospitali leo. Saratani ya matiti inaweza kusambaa hadi kwenye ubongo. Ikiingia kwenye mifupa, inaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu: mgonjwa anapata kiu kali, anakojoa sana, anakosa choo, kisha akili inavurugika. Kipimo cha damu kinaonyesha, na kwa dripu na dawa akili inaweza kurejea ndani ya siku chache. Wengi tunawapokea hospitalini wakiwa na chale mbichi kifuani, wameshapoteza wiki nzima kwa mganga.

Labda ni mawazo tu ya ugonjwa?
Mawazo yapo, na yanatibika. Lakini huzuni humwingia mtu polepole. Mtu aliyekuwa mzima wa akili Jumatatu, Jumatano hamjui mwanawe, huyo mwili wake una tatizo. Leo, si kesho.

Tukimfanyia maombi kwanza?
Ombeni mkiwa ndani ya bajaji. Naomba mnielewe, sikatazi dua, nakataza kusubiri. Kama ni usiku, nendeni hospitali ya Temeke, Amana au Mwananyamala, popote palipo karibu, mkiwa na vyeti vyake na dawa zote anazotumia. Akipata degedege, au kichwa kinamuuma huku anatapika kila asubuhi, msingoje kupambazuke.

Baba anatumia deksamethasoni kwa uvimbe wa kichwani. Hapati usingizi, anafoka usiku kucha. Tumeiacha, tumekosea?
Ndiyo, mmekosea, na mmpeleke sasa hivi. Ni kweli dawa hiyo huweza kuleta ukali, kukosa usingizi, hata kupandisha sukari. Lakini mtu akishaitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo zinapunguza kutengeneza homoni yake ya asili. Ukiikata ghafla, presha inaweza kushuka na mgonjwa akazimia, na ubongo ukavimba upya. Daktari ndiye anayeipunguza, kidogo kidogo. Wakati mwingine kumpa dozi asubuhi badala ya jioni kunamrudishia usingizi. Ulizeni kabla ya kugusa dawa.

Dada alipigwa mionzi ya shingo mwaka jana. Sasa ni mzito, anasikia baridi hata jua la Dar likiwaka, analia ovyo.
Tezi ya shingo huenda imelegea. Inapimwa kwa damu, na kuna vidonge vya kuitibu. Msimwite mvivu.

Mgonjwa anasema bora afe. Anatafuta huruma?
Hapana! Kaeni naye, asiachwe peke yake hata chooni, ondoeni dawa na sumu za panya ndani, mleteni siku hiyohiyo. Mwambieni daktari maneno yaleyale aliyoyasema. Ndugu wengi huyaficha kwa aibu, nasi tunamruhusu arudi nyumbani bila kujua.