Maji yanang'aa, matumbawe yanakufa

"Lakini fundi, maji yenyewe ni meupe, hadi kioo cha nyuma unakiona!"

Maneno haya huwa yanakuja na picha: tangi la matumbawe la lita elfu na ushei, taa za bluu, na Acropora (aina ya tumbawe gumu) iliyobaki mifupa mitupu. Nimechoka kuyasikia. Kwa hiyo leo naanza nayo, na nitakaa hapo hapo kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Weupe wa maji unakwambia jambo moja tu, kwamba hakuna chembe nyingi zinazoelea. Kaboni na soksi ya chujio vitakupa weupe huo ndani ya muda mfupi hata kwenye maji yanayoua. Amonia haina rangi. Nitriti, nitrati na fosfati vivyo hivyo. Alkaliniti, yaani akiba ya bikaboneti na kaboneti majini, ambayo ndiyo chanzo cha misiba mingi ninayoitiwa, huwezi kuiona hata ukibandika jicho kwenye kioo.

Amonia watu wameshajifunza kuiogopa, na ni vizuri. Ila hiyo ni shida ya tangi jipya, bakteria wakiwa bado hawajajijenga kwenye mawe. Baada ya wiki kadhaa inasoma sifuri, samaki wanaingia, mwenye tangi anapumua na kuvitupia vipimo kabatini. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

Tumbawe gumu linajenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti, na malighafi linazitoa majini kwa uwiano maalumu: alkaliniti ikishuka dKH 2.8 (dKH ndicho kizio chake), kalsiamu inashuka takriban miligramu 20 tu kwa lita. Rudia kuisoma hiyo. Tangi lililoanza na dKH 8 na kalsiamu 420 linaweza kufika dKH 5.2 huku kalsiamu ikiwa bado 400. Mteja anapima kalsiamu peke yake, anaona 400, anatabasamu, maji nayo yanang'aa. Wiki hiyo hiyo nyama ya matumbawe inaanza kubanduka kuanzia kitakoni.

Tangi likiwa changa lina vipande vidogo vidogo na matumizi yake ni haba. Vipande vikishakuwa vichaka, tangi linaweza kula dKH 1 kwa siku, pengine zaidi. Kwa lita 1000, dKH 1 ni sawa na gramu 30 hivi za sodiamu bikaboneti, kila siku iendayo kwa Mungu. Yule anayeniambia "mimi nabadilisha maji asilimia 10 kila wiki, inatosha" naomba apige hesabu. Tangi liko dKH 6, maji mapya yako 8. Ukibadilisha asilimia 10 unapata 6.2. Kabla ya kesho jioni umeshaipoteza yote. Kubadilisha maji kuna faida zake, na mimi nabadilisha, ila kwa tangi lililojaa matumbawe magumu hakuwezi kuziba pengo hilo. Weka pampu ya kudondoshea dawa, au riakta ya kalsiamu, chombo kinachoyeyusha kalsiamu kaboneti na kuirudisha tangini.

Halafu kuna mwenzake, anayegundua amefika dKH 5 na kuipandisha hadi 9 usiku mmoja. Ncha za matumbawe zinaungua, ananipigia tena. Maji ya bahari yenyewe yako kama 7. Matumbawe yatakaa vizuri kwenye 7, 8 au 9, mradi namba haichezi. Kuyumba ndiko kunakoyaua. Ukilazimika kupandisha, usizidi dKH 1 kwa siku. Mimi nashikilia 8, na hapo sibishani na mtu.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Vuta maji kwa sirinji, gonga kiputo cha hewa kitoke, dondosha kemikali ya kipimo tone moja moja huku ukitikisa, na usisome mpaka rangi igeuke na ibaki imegeuka. Pima saa ile ile kila siku, kwa sababu asubuhi na jioni hazitoi namba moja. Andika kwenye daftari. Siku tatu bila kuongeza chochote zitakuonyesha tangi lako linakula kiasi gani. Bila namba hiyo, unachomwaga humo ni kubahatisha tu.

Sasa madai mengine ninayoyasikia, kwa haraka.

"Maji ya chumvi yakipungua, ongeza maji ya chumvi." Yanayopaa ni maji, chumvi inabaki tangini. Chukua tangi la lita 1000 linalopoteza lita 10 kwa siku. Ukijaza kwa maji ya chumvi, umeingiza karibu kilo mbili na nusu za chumvi kwa wiki moja, na kutoka chumvi 35 kwa elfu umesogea karibu na 37.5. Jaza kwa maji ya RO, yaliyochujwa kwa utando na yasiyo na chumvi, ikiwezekana kwa kifaa chenye boya kinachojaza chenyewe. Na refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, ipimwe usahihi wake kwa maji maalumu ya 35 kwa elfu. Ukitumia maji matupu utajua tu kwamba inasoma sifuri vizuri.

"Tangi kubwa linajitunza." Linachelewa kuharibika, hiyo kweli. Likishaharibika linachelewa vilevile kurekebishika, na kila kosa linagharimu chumvi kwa ndoo. Halafu watu wanasahau uzito. Lita 1000 za maji ya bahari ni zaidi ya tani moja kabla hujahesabu kioo, mawe, mchanga na kabati. Muulize mjuzi wa majengo kuhusu sakafu kwanza, usiniulize mimi tangi likishajaa.

"Nitrati na fosfati zikae sifuri." Hii imetokana na hofu ya mwani. Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe nao unahitaji nitrojeni na fosforasi. Ukifikisha sifuri kabisa, matumbawe yanapauka, na mara nyingi nafasi inachukuliwa na dinoflajeleti, ule ute wa kahawia wenye viputo ambao kuung'oa ni kazi kuliko mwani wowote wa kijani. Nitrati miligramu 5 hadi 10 kwa lita na fosfati 0.05 hivi hazijawahi kuninyima usingizi. Samaki walishwe.

"pH iko 7.9, nimemwaga bafa," yaani kemikali ya kupandisha pH. Kwa nini? Ukiwa na watu wengi ndani na madirisha yamefungwa, kaboni dioksidi ya chumbani inaingia majini na pH inashuka. Ukimwaga bafa unapandisha alkaliniti, na pH inarudi pale pale baada ya muda mfupi. Fungua dirisha. Au bomba la hewa la skima, kile kichujio cha povu, livute hewa ya nje. Namba za pH zisikukimbize mbio.

"Samaki hukua kulingana na tangi." Hapana. Hukua kulingana na spishi yake, na nafasi ikibana anadumaa na kuugua. Kangaja wa bluu, yule kila mtoto anayemtaka, anafika sentimita 30 hivi na ni samaki wa kuogelea kutwa.

"Madoa meupe ya samaki yatibiwe kwa shaba humo humo." Shaba itawamaliza kamba, konokono na matumbawe, kisha mawe na mchanga vitainyonya. Samaki wote wahamishiwe tangi la tiba, na tangi la matumbawe likae bila samaki takriban wiki 11, vimelea vikose wa kumng'ang'ania. Ndiyo, ni muda mrefu. Karantini kabla ya samaki mpya kuingia ilikuwa fupi zaidi, na nilikwambia.

"Mawe yachemshwe ili wadudu wafe." Hapa naomba unisikilize hata kama yote ya juu umeyapuuza. Baadhi ya Palythoa na Zoanthus, vile vitufe vyenye umbo la maua vinavyotapakaa juu ya mawe, vina palitoksini, sumu kali mno ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mvuke na matone yake huibeba hadi mapafuni. Zimewahi kulazwa hospitali familia nzima, pamoja na waliokuwa chumba kingine. Kusugua jiwe kavukavu au kulipiga maji kwa presha ni hatari ile ile. Likikubidi kulitoa, litoe likiwa limelowa, vaa glavu na miwani, watoto na wanyama wawe mbali, na usiguse uso. Ukianza kuhisi ladha ya chuma mdomoni, pumzi kubana, homa au misuli kuuma baada ya kulishika, nenda hospitali mara moja na umtajie daktari palitoksini kwa jina, maana bila hivyo anaweza kuitibu kama mafua.