Kireno na Kihispania: Mswahili aanze na kipi, na wapi atateleza

Kireno na Kihispania vimefanana kiasi kwamba aliyekishika kimoja anaweza kusoma gazeti la kingine baada ya wiki chache tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoharibikiwa. Kusoma kumekuja bure, basi wanadhani na kusema kutakuja bure, na mwaka ukiisha wanazungumza mchanganyiko ambao Wahispania wenyewe wameupa jina, portuñol. Ushauri wangu wa kwanza, na siubadilishi: usianze vyote kwa pamoja. Shika kimoja mpaka uweze kusimulia mambo ya jana kwa dakika tano bila kukwama, ndipo ufungue cha pili.

Uanze na kipi? Kama shughuli zako ziko Msumbiji au Angola, jibu unalo. Kama unavitaka vyote na huna haraka, mimi nasema anza na Kireno, ingawa ndicho kigumu. Kihispania kina irabu tano, zilezile zetu, na zote hutamkwa wazi. Kireno kina zaidi ya hizo, nyingine za puani, na Wareno wa Ulaya huzimeza zile zisizo na mkazo. Ndiyo maana Mreno humwelewa Mhispania kuliko Mhispania anavyomwelewa Mreno. Sikio lililozoea Kireno hukipokea Kihispania kwa wepesi. Kinyume chake ni kazi.

Kwa konsonanti, Mswahili ana mtaji mkubwa. Kireno kina sh, z na v kama zetu: chave (ufunguo) huanza na sh, na casa (nyumba) husikika "kaza". Kihispania hakina z hiyo wala v hiyo. Casa ni "kasa", na vino huanza kwa b. Lakini j yake inakaribiana na kh ya kheri, d iliyo kati ya irabu inakaribia dh ya dhahabu, na z ya Hispania (si ya Amerika) ni th ya thamani.

Kinachotushinda ni irabu za puani. Mswahili akiona sim (ndiyo) hufunga midomo mwishoni. Akiona pão (mkate) husema pau, na pau ni kijiti. Midomo isifungwe, ulimi usiguse popote, pumzi ipite kinywani na puani kwa pamoja. Jipime hivi: bana pua huku unatamka. Sauti ikibadilika, uko sawa. Isipobadilika, umetamka irabu ya kawaida.

Ukishakuwa na lugha ya kwanza, cha pili usikihifadhi neno kwa neno. Jifunze njia za kubadilisha sauti. Penye h ya Kihispania isiyotamkwa, mara nyingi Kireno kina f: hijo ni filho (mtoto wa kiume), harina ni farinha (unga), hacer ni fazer (kufanya). Penye ll mwanzoni, Kireno huweka ch: llave ni chave, lluvia ni chuva (mvua), llorar ni chorar (kulia). Ue na ie za Kihispania hurudi kuwa o na e: puerta ni porta (mlango), siete ni sete (saba). Halafu Kireno kilidondosha n na l zilizokuwa kati ya irabu, ndiyo maana luna (mwezi) ikawa lua, salir (kutoka) ikawa sair, na color (rangi) ikawa cor.

Ushahidi wa tofauti hizi umo hata ndani ya Kiswahili. Mvinyo imebeba ny ya vinho, na Kihispania ni vino tu. Kasha ina sh ya caixa; Kihispania kina caja, yenye kh. Wareno waliondolewa Fort Jesus mwaka 1698, lakini matamshi yao tunayo mpaka leo.

Jinsia ya nomino, inayoonyeshwa na kibainishi, yaani kineno kinachoitangulia (el kwa Kihispania na o kwa Kireno ni vya kiume, la na a ni vya kike), huwasumbua hata wanaovifahamu vyote viwili. Maziwa ni la leche kwa Kihispania, o leite kwa Kireno. Daraja ni el puente, a ponte. Safari ni el viaje, a viagem, na kanuni hii ni ya kuaminika: -aje ni ya kiume, -agem ni ya kike. Andika nomino pamoja na kibainishi chake daima.

Katika sarufi, tumia Kiswahili chako. Hatusemi "naona Maria", twasema "namwona Maria". Kihispania nacho hudai alama mtendwa akiwa mtu maalumu: veo a María. Sasa angalia Kireno: vejo a Maria. Ni a ileile kwa macho, lakini hiyo ni kibainishi cha kike. Akiwa Pedro utasema vejo o Pedro. Mtego mwingine ni -me-. "Nimekula" Hispania ni he comido. Mwanafunzi hutafsiri tenho comido kwa Kireno, kumbe amesema "siku hizi nimekuwa nikila". Kireno husema já comi, basi.

Maneno pacha yenye maana mbali ni mengi, nami nasisitiza yale yenye gharama. Oficina kwa Kihispania ni ofisi, kwa Kireno ni karakana; ofisi ni escritório, ambayo kwa Kihispania ni meza ya kuandikia. Largo ni ndefu kwa Kihispania, pana kwa Kireno, na fundi akikosea hapo mbao zimeharibika. Propina ni bakshishi kwa Mhispania, hongo kwa Mbrazili, na Ureno propinas ni ada ya chuo. Polvo ni vumbi kwa Kihispania, pweza kwa Kireno.

Hata hivyo, kinachovuja kwanza mdomoni ni maneno madogo, kwa sababu hakuna anayeyafikiria: Kihispania kikitangulia, ni y/e (na), con/com (pamoja na), pero/mas (lakini), muy/muito (sana), en la/na (katika). Kila siku chukua sentensi kumi fupi za lugha moja, ziseme kwa nyingine kwa sauti, jirekodi kwa simu, kisha sikiliza hayo madogo tu. Dakika kumi zinatosha. Masomo yenyewe uyatenge: daftari lake, saa yake, na ikiwezekana mwalimu wake.

La mwisho ni siku za juma. Kihispania kina lunes, martes na kuendelea. Kireno huhesabu kama sisi, ila kinaanzia Jumapili, nasi tunaanzia Jumamosi. Segunda-feira, "ya pili", ni Jumatatu. Terça ni Jumanne. Quarta ni Jumatano. Quinta ni Alhamisi. Sexta ni Ijumaa. Ukisikia segunda ukadhani Jumapili, utafika siku moja kabla na kukuta mlango umefungwa. Kila unapopanga miadi, taja na tarehe.