Elimu kwa Mpiga Kura: Kumpima Mgombea wa Msimamo wa Wastani Kuhusu Bunduki Jimboni Maine

Tangu kampeni za uchaguzi wa Novemba 2026 zianze kupamba moto, dawati letu la elimu ya mpiga kura limekuwa likipokea maswali mengi kwa Kiswahili kutoka Lewiston na Portland. Wengi wanaouliza ni ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, walioapishwa uraia wa Marekani miaka ya karibuni. Swali linalojirudia kuliko yote ni la bunduki. Mtu ametumiwa video ya mgombea aliyevaa fulana ya chungwa ya mwindaji, bunduki begani, anasema anaheshimu haki ya kumiliki silaha na papo hapo anataka hatua za busara za kuzidhibiti. Basi anatuuliza: huyu yuko upande gani? Anatudanganya sisi, au anawadanganya wawindaji?

Kabla ya kujibu, niseme jambo moja la kikazi. Taasisi yetu haina chama, na sheria inatukataza kumpigia debe mgombea yeyote. Wanasiasa nitakaowataja ni mifano tu, na kura zao ziko kwenye kumbukumbu za Bunge ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Makala haya pia si ushauri wa kisheria kwa kesi ya mtu binafsi. Mwenye kesi amwone wakili.

Jibu lenyewe ni kwamba pengine hamdanganyi mtu. Msimamo wa wastani kuhusu bunduki katika jimbo hili ni msimamo kamili, una historia yake na una wapiga kura wake. Wilaya ya pili ya uchaguzi, inayoanzia Lewiston na kupanda hadi mpaka wa Kanada, ni nchi ya misitu na mawindo. Watu huko hupeleka watoto wao kwenye mafunzo ya usalama wa mwindaji kama sisi tunavyowapeleka madrasa au katekisimu. Katiba ya Maine yenyewe inasema haki ya raia kuwa na silaha haitahojiwa kamwe. Mtu anayeomba kura huko akasema bunduki zote zikusanywe, amejiondoa kwenye mashindano siku ya kwanza.

Hapa naomba tuelewane, kwa sababu kila tukifanya semina kuna anayesimama na kusema: "Mbona serikali isipige marufuku tu, kama kwetu?" Ndugu zangu, Marekani haiwezi kufanya hivyo kwa amri ya waziri wala ya rais. Marekebisho ya Pili ya Katiba yamekuwepo tangu 1791, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008 kwamba yanalinda haki ya mtu mmoja mmoja kumiliki silaha, na mwaka 2022 ikaipanua zaidi. Namwelewa anayeuliza. Kwa aliyekulia Kivu, bunduki ilikuwa ya mwanajeshi au ya mwasi, na katika hali zote mbili ulikimbia. Lakini kumpima mgombea wa Maine kwa jambo ambalo hana uwezo wa kulifanya ni kupoteza kura yako. Mpime kwa yale anayoweza kuyapigia kura.

Chukua mfano wa Jared Golden, Mdemocrat aliyeiwakilisha wilaya hiyo ya pili tangu aliposhinda mwaka 2018. Ni askari mstaafu wa Marines, aliyepigana Iraq na Afghanistan. Mwaka 2019 Wademocrat wawili tu kwenye Baraza la Wawakilishi waliupinga mswada wa kumkagua rekodi kila mnunuzi wa bunduki, na yeye alikuwa mmoja wao. Mwaka 2021 mswada uliporudi, alibaki peke yake. Juni 2022 aliunga mkono sheria ya pamoja ya vyama viwili iliyoongeza ukaguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Mwezi uliofuata akapiga kura ya kupinga marufuku ya bunduki za nusu-otomatiki za mtindo wa kijeshi, iliyopita kwa kura 217 dhidi ya 213. Ukitazama kura hizo kwa pamoja unaona mtu mwenye mpaka anaoujua: tayari kuongeza ukaguzi mahali fulani, hayuko tayari kupiga marufuku aina ya silaha. Wapiga kura wa wilaya hiyo walimrudisha bungeni, ingawa Donald Trump ndiye aliyekuwa akiongoza hapo hapo katika uchaguzi wa rais.

Kisha ikaja Oktoba 25, 2023. Mtu mwenye bunduki aliwaua watu 18 Lewiston, kwenye ukumbi wa kuchezea mpira wa kuangusha pini na kwenye baa. Wengi wetu tulijifungia ndani na watoto siku mbili wakati polisi wakimtafuta. Kesho yake Golden, ambaye Lewiston ni nyumbani kwake, alisimama mbele ya wanahabari akasema alikosea, akaomba radhi kwa jamaa za waliouawa, na akataka Bunge lipige marufuku bunduki za aina iliyotumika. Mwaka 2024 alishinda tena kwa tofauti ndogo mno, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba hatagombea tena.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu watu wawili wanaweza kuisoma rekodi hiyo wakatoka na majibu tofauti, na wote wakawa na haki. Mmoja atasema ni mtu aliyesikiliza. Mwingine atasema alingoja maafa yafike mlangoni kwake. Ninachowaomba ni kwamba uamuzi huo utokane na kura hizo, usitokane na video ya sekunde 30.

Wastani una sura nyingi. Seneta Susan Collins, Mrepublican, alikuwa miongoni mwa Warepublican wanne waliounga mkono ukaguzi mpana wa rekodi mwaka 2013, na akaunga mkono ile sheria ya 2022, lakini mwaka 2013 huo huo alipinga marufuku ya bunduki za kijeshi. Gavana Janet Mills, Mdemocrat, baada ya mauaji ya Lewiston alitia saini sheria ya kukagua wanunuzi wa bunduki zinazotangazwa kwenye matangazo. Sheria ya kusubiri saa 72 kabla ya kukabidhiwa bunduki aliiacha ipite bila saini yake. Hao watatu wote huitwa wa wastani, na hawakuamua sawa. Mgombea akikwambia yeye ni wa wastani, bado hujaambiwa kitu.

Ndiyo maana ni lazima mjue utaratibu wenyewe wa ununuzi, maana ugomvi wote wa wagombea umo ndani ya hatua zake. Ukienda kwa muuzaji mwenye leseni, atakutaka kitambulisho chenye picha na anwani yako, kisha atakupa fomu ya serikali kuu yenye namba 4473. Bastola ni kuanzia miaka 21, bunduki ndefu ni 18. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, na mkimbizi aliyepokelewa kisheria pia, ila ataandika namba yake ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Fomu itakuuliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama umewahi kumpiga mwenzi wako na ukahukumiwa, kama kuna amri ya mahakama ya kukukataza usimkaribie mtu, na kama unatumia dawa za kulevya. Bangi inahesabiwa. Maine imeihalalisha, lakini fomu inaonya wazi kwamba kwa sheria ya serikali kuu bado ni kosa.

Swali la kwanza katika yale maswali ndilo linalowaponza watu wetu: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Kaka anampa mdogo wake fedha na kumwambia, "Nichukulie ile bastola, mimi Kiingereza kinanisumbua." Mdogo anaweka alama kwenye "ndiyo". Hapo kosa limeshatendeka, hata kama kaka naye angeruhusiwa kununua. Kumnunulia mtu zawadi kwa fedha zako mwenyewe ni jambo jingine, na ni halali kama anayepewa anaruhusiwa kumiliki. Kutoa jibu la uongo kwa muuzaji kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 10. Kumnunulia mtu aliyekatazwa kumiliki ni hadi miaka 15, na ni 25 silaha ikikusudiwa kwa uhalifu mkubwa. Aliyekatazwa akikutwa nayo, hadi miaka 15. Kwa asiye raia kuna adhabu ya ziada ambayo hakimu haitamki: hatia ya kosa la silaha ni sababu ya kuondolewa nchini, hata kama una grini kadi ya miaka 20 na watoto waliozaliwa hapa. Tafadhali msisikilize anayesema eti mkimbizi hawezi kuguswa. Kauli hiyo imezunguka mno na inawaumiza watu.

Tuendelee. Muuzaji huwasiliana na mfumo wa FBI wa ukaguzi, ulioanza kazi 1998, na hujibiwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, au kataa. Jibu likiwa subiri na siku tatu za kazi zikapita kimya, sheria ya serikali kuu inamruhusu kuuza. Mnunuzi akiwa chini ya miaka 21, ukaguzi unaweza kwenda hadi siku 10 za kazi. Hiyo ndiyo sehemu iliyoongezwa 2022. Ile sheria ya saa 72 imebishaniwa mahakamani, kwa hiyo ulizeni hali yake kabla ya kuitegemea.

Sasa angalia mauzo ya mtu na mtu. Mwaka 2016 wananchi wa Maine waliulizwa kwenye kura kama kila mauzo ya namna hiyo yapitie ukaguzi. Kura za maoni za taifa zima zilikuwa zikionyesha walio wengi sana wanaunga mkono wazo hilo. Maine ikalikataa, kama 52 kwa 48. Hoja iliyolizamisha ilikuwa ya kawaida kabisa: je, nikimwazima shemeji yangu bunduki ya kuwindia msimu wa paa, na hilo ni kosa? Hapo ndipo utaona mvuto wa mwanasiasa wa wastani. Anakubaliana na wengi kuhusu lengo, kisha anamwahidi mwindaji kwamba shemeji hatapelekwa mahakamani. Sheria ya Mills ya 2024 ilipita katikati ya hapo, maana inagusa bunduki zinazotangazwa na kuwaacha ndugu wa familia.

Wananchi hao hao, Novemba 2025, walipitisha kwa zaidi ya asilimia 60 sheria inayowapa jamaa haki ya kumwendea hakimu moja kwa moja na kuomba silaha za mtu hatari ziondolewe kwa muda. Mills aliipinga. Alitetea utaratibu wa 2019 unaopitia kwa polisi na daktari kwanza. Lakini watu walikuwa wameshasoma ripoti ya tume huru ya Lewiston, iliyoeleza kwamba familia ya muuaji ilitoa taarifa mapema na kwamba polisi wa kaunti walikuwa na sababu za kutosha za kutumia sheria iliyokuwepo. Kwa maoni yangu, matokeo hayo yanaonyesha kwamba wastani wa wapiga kura unahama haraka kuliko wa wanasiasa wao, na mgombea makini wa mwaka huu lazima aeleze anasimama wapi kuhusu jambo hilo mahususi. Muulizeni kwa maneno hayo hayo. Akijibu kwa kuanza kueleza jinsi babu yake alivyomfundisha kuwinda, rudieni swali.

Kuhusu kupiga kura kwenyewe, nitaenda haraka kwa sababu vipeperushi vyetu vimeeleza. Maine inaruhusu kujiandikisha hata siku ya uchaguzi. Kwa Seneti na Baraza la Wawakilishi unapanga wagombea kwa nafasi, wa kwanza, wa pili na kuendelea. Ukijaza wa kwanza tu, kura ni halali. Utaratibu huo ndio uliomwingiza Golden bungeni 2018 akiwa nyuma katika hesabu ya kwanza, na unamsaidia mgombea anayeweza kuwa chaguo la pili la watu wengi.

Ambaye bado hajaapishwa asijiandikishe, hata akipewa fomu kwa bahati mbaya kwenye ofisi ya leseni au na mtu wa kampeni mlangoni. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa serikali kuu anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, na akidai uraia asio nao anaweza kupoteza ukaazi wake na kufungiwa mlango moja kwa moja. Fomu N-400 ya kuomba uraia itamuuliza kama aliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na afisa huangalia kumbukumbu. Lakini kumwandikia mbunge barua, kuhudhuria mikutano yake na kutoa maoni mbele ya kamati za bunge la jimbo kule Augusta hakuhitaji uraia. Mkazi yeyote wa Maine anaweza kusimama mbele ya kamati inayojadili mswada wa bunduki na kusema alichokiona.