Usukani mdogo hauongezi wepesi wa gari kukata kona

Karibu kila mwenye Subaru Impreza WRX anayeniletea gari lake nimbadilishie usukani huja na sababu ile ile: anataka usukani mdogo ili gari likate kona haraka. Nimelisikia dai hili kwa vijana, kwa watu wazima, na hata kwa mafundi wenzangu ambao walipaswa kuwa wa kwanza kulipinga. Kwa kuwa sasa linawafanya watu wang'oe mifuko ya hewa iliyo mizima kabisa, ile inayokaa ndani ya usukani wa kiwandani na kufumuka wakati wa ajali, nimeona ni lazima niliandikie kwa urefu.

Kinachoamua matairi ya mbele yageuke kwa kiasi gani ni uwiano wa mfumo wa usukani, na uwiano huo unaanzia kwenye raki, yaani fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia ili kuyageuza matairi. Ukiwa 15:1, ukizungusha usukani nyuzi 90, matairi yatageuka takriban nyuzi 6. Funga usukani wenye kipenyo cha milimita 380, funga wa 330, bana hata spana kwenye mhimili (fimbo ambayo usukani hufungwa juu yake) na uendeshe kwa hiyo spana: nyuzi 90 zitabaki 90, na nyuzi 6 zitabaki 6. Subaru wenyewe walipotaka Impreza STI Type RA, toleo lao la kimashindano, ijibu haraka zaidi, waliipa raki yenye uwiano wa 13:1. Hapo ndipo wepesi unapotoka, na anayeutaka kweli aanze kuulizia raki.

Kinachobadilika kwa usukani mdogo ni safari ya kiganja. Tuseme usukani wa kiwandani una milimita 380: kuuzungusha nyuzi 90 kunakudai usogeze mkono milimita 298 hivi kuufuata ukingo, ilhali ule wa 330 unakudai milimita 259. Dereva amepunguziwa karibu sentimita nne, na hizo nne ndizo anazoziita wepesi wa gari. Sikatai kwamba zina faida, kwa maana kwenye barabara ya vumbi yenye kona zinazofuatana, mkono usiosafiri mbali huwahi kurudi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba gari limebadilika, wakati aliyebadilishiwa kazi ni dereva.

Tena faida hiyo hulipiwa. Wenzo, yaani umbali kutoka katikati ya usukani hadi mkononi, ukifupika, mkono hulazimika kusukuma zaidi, na kwa vipimo hivyo ongezeko ni kama asilimia 15. Wengi hudhani kwamba pampu ya haidroliki itaifidia tofauti hiyo, na hapa ndipo ninapochoka kabisa kubishana, kwa sababu vali inayoelekeza msaada wa pampu iko kwenye raki, husoma msokoto uliomo ndani ya mhimili na haina namna yoyote ya kujua kwamba mkono wako umesogea karibu na katikati. Gari likiwa katika mwendo hutauhisi sana uzito huo. Utauhisi unapoegesha, na utauhisi vibaya siku mkanda wa pampu utakapokatika ukiwa katikati ya kona.

Lipo jambo moja ambalo sijalimaliza akilini mwangu. Usukani wa kiwandani pamoja na mfuko wake wa hewa ni mzito, na uzito huo humeza sehemu ya mitetemo inayopanda kutoka kwenye matairi. Ukifunga mwepesi, unaanza kuihisi kila kokoto, na wateja hufurahi wakisema kwamba sasa wanaisikia barabara. Ni kweli kwamba sehemu ya wanachokisikia ni barabara. Sehemu nyingine ni tairi lisilo na balansi au bushi iliyochoka (mpira unaoshikilia viungo vya chini ya gari), ambavyo usukani mzito ulikuwa umevificha. Mikono yangu haiwezi kuzitenganisha sehemu hizo mbili kwa uhakika, na vitabu vinavyozungumzia mguso wa barabara kana kwamba ni kitu kimoja safi havijanisaidia. Kwa hiyo, kabla ya kufunga usukani mwepesi, hupima balansi na kukagua bushi kwanza, ili tusije tukausifu ubovu.

Hoja ya pili ninayoletewa ni ya Safari Rally: kwamba madereva wa rali nao huendesha bila mfuko wa hewa. Ni kweli kwamba Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akaishinda ya 2000 kwa Impreza pia, na ni kweli kwamba magari ya namna ile hayana mfuko wa hewa kwenye usukani. Lakini dereva wa rali amevaa helmeti, amekaa ndani ya kiti kinachomshika mbavu, amefungwa mikanda ya mabega mawili, kiuno na mapaja, na amezungukwa na keji la chuma. Usukani wake umesogezwa hadi karibu na kifua ili azungushe viwiko vikiwa vimekunjwa, na anaweza kukaa nao karibu hivyo kwa sababu mikanda ile haimwachii kiwiliwili kiende mbele. Wewe una mkanda mmoja wa bega, ambao huacha kiwiliwili na kichwa viende mbele kidogo, ukitegemea kwamba vitapokelewa na mfuko wa hewa. Ukiuondoa mfuko huo na kubaki na mkanda ule ule, utakuwa umeacha nusu ya kazi bila mtu wa kuifanya.

Halafu wanaomba rezista. Rezista ndogo huchomekwa mahali pa mfuko ili kompyuta idhani kwamba saketi ni kamili, na taa ya dashibodi inazimika. Imezimika taa tu. Atakayelinunua gari hilo baadaye ataiona dashibodi safi na kuamini kwamba analindwa. Kwa gari la mtaani, mimi siifungi. Kwa gari la mashindano lenye viti na mikanda yake, naufunga usukani wowote mwenyewe anaoutaka, na naufunga kwa moyo mmoja.

Kazi yenyewe haina maajabu. Betri inatolewa, unasubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji (Toyota, kwa mfano, husema sekunde 90), na mfuko unawekwa ukiwa umetazama juu. Nati ya katikati inalegezwa lakini haitolewi yote, ili usukani ukiachia ghafla usikupige usoni. Mhimili haupigwi nyundo, kwa sababu umetengenezwa ukunjike wakati wa ajali. Matundu ya usukani na ya kitovu chake, yaani kipande kinachouunganisha na mhimili, lazima yalingane: usukani wa chapa ya Momo hutumia mduara wa matundu wa milimita 70, wa Nardi milimita 74, na anayetanua matundu kwa faili ili yakubaliane hafai kuaminiwa gari. Feki za chapa hizo zimejaa sokoni. Nikishika mkono mmoja juu na mwingine chini na kuona ukingo unajikunja, narudisha.

Jambo la mwisho ndilo linaloharibu magari mengi zaidi. Ikiwa gari lilikuwa likienda moja kwa moja na usukani ukiwa sawa kabla ya kazi, kisha usukani mpya ukakaa upande, kosa liko kwenye meno ya mhimili au kwenye kitovu, na dawa ni kufungua tena na kuhamisha jino. Wapo wanaoacha usukani ulivyo na kwenda kuzungusha tairodi (fimbo zinazoiunganisha raki na matairi) hadi uonekane sawa. Hapo wameitoa raki katikati yake: gari litakata zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na utepe wa nyaya za honi ulio nyuma ya usukani, ambao huvumilia idadi fulani ya mizunguko kwa kila upande, unaweza kuvutwa hadi ukatike.