Gesi ya AC "imeisha": imeisha ikaenda wapi?

Gesi ya AC ya gari ni kipozaji kinachozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Kompresa inakibana, kondensa iliyo mbele ya rejeta inakitoa joto mpaka kinageuka kimiminika, vali ya upanuzi inakishusha presha, kisha kinachemkia ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi, na kunyonya joto la hewa inayopulizwa kwa abiria. Kikitoka hapo kinarudi kwenye kompresa. Mzunguko ndio huo, na katika safari yote hiyo hakuna mahali gesi inapoungua wala kuliwa.

Petroli huisha. Pedi za breki huisha. Gesi ya AC haiishi, inatoka. Gari lililojazwa gesi Novemba na Februari likaanza kupuliza hewa ya moto linavuja, na anayelijaza tena bila kutafuta tundu anamuuzia mteja bidhaa ileile mara ya pili, akijua au bila kujua.

Tuwe wa haki: mipira ya AC na sili ya shafti ya kompresa hupitisha kiasi kidogo hata vikiwa vizima. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2006, uliweka ukomo wa gramu 40 kwa mwaka kwa mfumo wenye evaporeta moja, na gramu 60 kwa wenye mbili. Chukua gari linalobeba gramu 450. Hata likivuja hadi ukomo huo kila mwaka, litahitaji takriban miaka mitatu kupoteza zaidi kidogo ya robo. Kwa hiyo gari la miaka kumi ambalo halijawahi kuguswa linaweza kweli kupungukiwa bila kuwa na tundu la kulaumiwa. Lililojazwa miezi mitatu iliyopita, hapana.

Kosa la pili linazaliwa na hilo la kwanza: kuunganisha geji gari likiwa limezimwa, kusoma presha, na kutangaza kwamba gesi ipo au haipo. Gesi ya R-134a, ambayo bado ndiyo iliyo katika magari mengi barabarani, ikiwa imetulia kwenye joto la nyuzi 30 husoma karibu psi 97. Itasoma hivyo mfumo ukiwa umejaa sawasawa, na itasoma hivyohivyo hata ukibaki na nusu, maadamu bado kuna tone la kimiminika ndani. Presha ya gari lililozimwa inafuata joto la siku, haifuati uzito wa gesi. Ikisoma psi 20, hapo ndipo una jibu: karibu yote imeondoka. Kwa swali la "imepungua kiasi gani", geji haina jibu. Jibu linatoka kwenye mizani, baada ya gesi kunyonywa na mashine na kupimwa.

Geji inaanza kusema kitu injini ikiwa inazunguka kwa mizunguko kama 1,500, AC kwenye baridi kabisa, feni ya ndani kwenye kasi ya juu, milango wazi. Kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa, upande wa presha ndogo tarajia psi 30 hadi 45, upande wa presha kubwa 200 hadi 250, na siku kali zaidi ya hapo. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, imezidishwa, au imeingia hewa, au kondensa haipozwi: mwagie kondensa maji, na presha ikishuka ghafla angalia feni na uchafu uliojaa kwenye mapezi. Hilo ndilo gari ambalo AC yake hupoza likiwa mwendoni na kupuliza hewa ya moto kwenye foleni. Upande mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini, kompresa yenyewe imechoka. Upande mdogo ukishuka hadi karibu na sifuri, kuna kuziba, mara nyingi kwenye vali ya upanuzi.

"Kompresa imekufa" nayo husemwa kwa haraka ileile. Kuna swichi ya presha ambayo kwa magari mengi ya Toyota hukata umeme wa klachi ya kompresa (kinachoiunganisha na mkanda wa injini) presha ikishuka chini ya takriban psi 28. Inafanya hivyo makusudi, kwa sababu oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi ikikosekana kompresa huzunguka kavu. Kwa hiyo pima umeme kwenye soketi ya klachi, AC ikiwa imewashwa. Volti 12 zipo na klachi haishiki: koili au mwanya wa klachi. Hazipo: rudi nyuma kwenye fyuzi, relei na swichi ya presha. Kuunga swichi kwa waya ili kompresa "iamke" ni njia fupi ya kununua kompresa nyingine.

Na kuna gari ambalo gesi yake haina tatizo lolote. Fungua boneti, shika bomba nene linalorudi kwenye kompresa. Likiwa baridi na linatoa jasho huku ndani hewa ni ya moto, tatizo ni kipande kidogo cha mlango ndani ya dashibodi, kinachochanganya hewa baridi na ya hita, au mota inayokizungusha. Sikiliza mlio wa tik-tik unapobadili joto. Ni meno ya plastiki yaliyovunjika. Ikiwa upande wa dereva ni baridi na wa abiria ni moto, mara nyingi ni mlango huohuo, japo gesi pungufu nayo huweza kufanya hivyo.

Uvujaji hutafutwa penye mafuta na vumbi vilivyogandamana: viungio vya mipira, mbele ya kompresa, sehemu ya chini ya kondensa, ambayo mawe na chumvi ya pwani huila. Vali ndogo zilizo chini ya vifuniko vya kujazia husahaulika sana. Jaribu kwa nitrojeni na povu la sabuni, kamwe si kwa upepo wa matairi, unaoingiza unyevu. Ukiziba, badili kichujio cha unyevu, vuta hewa kwa pampu angalau nusu saa, ifunge uone kama sindano ya geji inasimama, kisha jaza kwa mizani uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kwa haibridi zenye kompresa ya umeme, oili ni ya aina yake; ya kawaida ya PAG hupitisha umeme na kuharibu insulesheni.

Kwa hiyo ukifika gereji, usiseme "nijazie gesi". Sema AC haipozi, na uliza inavujia wapi.