COUNT ya DynamoDB haihesabu kila kitu, na sio ya bure

Watu wengi wanaamini ukiiambia DynamoDB (database ya Amazon ya kwenye cloud) Select=COUNT, yaani ihesabu tu bila kurudisha rekodi, inakupa idadi yote, tena haikuli hela kwa sababu hakuna data iliyorudi. Hapana jamani. Query moja (ombi la kusoma rekodi) inasoma mwisho MB 1 inasimama, inakupa hesabu ya hicho kipande (peji) tu pamoja na LastEvaluatedKey (alama ya ilipoishia), na hiyo ndo unairudisha kama ExclusiveStartKey (pa kuanzia ombi linalofuata), unaendelea hivyohivyo mpaka isije tena, huku unajumlisha. Na bili inaangalia ulichosoma, sio ulichopokea, kwa hiyo kuhesabu oda laki tatu kunakula sawa na kuzivuta zote.

Limit nayo. Ukiweka Limit 10 na filta ya oda zilizolipwa, inasoma rekodi 10 kwanza ndo inachuja, unaweza kupata 2 au sifuri kabisa, mtu anaanza kulalamika data imepotea kumbe ziko peji inayofuata.

Wastani ndo balaa zaidi. Peji ya kwanza ina oda 4 za sh 1,000, ya pili oda 1 ya sh 6,000, ukichukua wastani wa wastani unapata 3,500 wakati ukweli ni 2,000. Beba jumla na idadi, gawanya mwishoni.

Kama dashibodi inafunguliwa kila saa, mi ningeweka rekodi ya jumla pembeni, Streams (mtiririko wa mabadiliko ya DynamoDB) na Lambda (code ya Amazon inayojiendesha tukio likitokea) ziiongeze oda ikiingia. Ila Lambda inaweza kupokea tukio lilelile mara mbili, so hakikisha oda iliyoshahesabiwa hairudiwi.