Huyo si kereng'ende, na hana mwiba

Jioni moja hapa Nakuru nilimkuta mdudu ameng'ang'ania waya wa kuanikia nguo, kichwa chini, tumbo kalinyoosha hewani kama kijiti. Mtoto wa jirani alikuwa amekwisha kuvua champali. "Anko, toka hapo, huyo kereng'ende atakudunga!"

Si kereng'ende. Mbawa zinadanganya, lakini tazama kichwani. Kereng'ende ana vipapasio vifupi mno, kama unywele. Huyu ana virefu, vyenye virungu nchani mfano wa vya kipepeo. Mimi humwita mdudu-bundi, kwa sababu familia yake, Ascalaphidae, ina jina la Askalafo, ambaye ngano za Wagiriki zinasema aligeuzwa bundi. Macho yake ni makubwa, na kwa spishi nyingi kila jicho limegawanywa na mfereji, sehemu ya juu ikiangalia angani. Wengi wao huwinda magharibi, giza likianza kuingia, wakinasa wadudu wengine hukohuko hewani.

Wala hadungi. Hana mwiba. Tumbo lile lililoinuliwa ni la kujificha tu, ndege amdhanie tawi kavu.

Wengine husema hutoka ziwani, eti kama sam, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda Kisumu. Watoto wa kereng'ende ndio hukulia majini. Mdudu-bundi huzaliwa pakavu. Mama hupanga mayai kwa safu kwenye kijiti, na baadhi ya spishi za Amerika huzungushia chini yake vijiti vidogo, mfano wa mayai yasiyoangua, ili kuwazuia sisimizi wasipande. Naumia kila ninapoona kiumbe mwangalifu hivyo akipondwa ukutani.

Buu lake ndilo huogopwa zaidi, na kwa sura tu: bapa, lenye taya kama mundu mbili. Jamaa zake wa karibu ni wale wachimbao vishimo vya mviringo mchangani, ambavyo sote tulivichokoza kwa kijiti utotoni. Ndiyo maana watu hudhani naye huchimba. Buu la mdudu-bundi kwa kawaida halichimbi shimo. Hulala kwenye majani makavu au juu ya gome, limejifunika vumbi na takataka, taya wazi kabisa, likingoja. Mdudu akiligusa, taya hufunga kwa kasi, na buu humfyonza kupitia tayani. Likikomaa hujisokotea kifuko cha hariri, na humo hutoka mwenye mbawa.

Na hilo jina la bundi lisimletee balaa. Najua huku kwetu bundi akilia juu ya paa watu huwaza kifo. Huyu hali mahindi wala maharagwe, hula wadudu.

Mtoto alivaa champali yake, tukaketi barazani kumtazama. Taa za barabarani zilipowaka, alitikisa mbawa kidogo, akaachia waya.